Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Clive Larter alifeli urubani siku ya Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Huitaja saa hiyo kama mtu anavyotaja saa aliyofiwa. Ilikuwa mwaka 1982, katika kambi ya mafunzo ya jeshi la anga huko Lincolnshire, na ndege yenyewe ilikuwa Chipmunk: injini moja, gurudumu dogo mkiani, viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma yake. Wanafunzi walikuwa wanapewa saa chache tu angani waonyeshe kama wanafundishika. Clive alipofikisha saa ya kumi na tano, mwalimu wake, Luteni Desmond Pargeter, alikaa nyuma yake kwa dakika hamsini, wakatua, wakazima injini. Kisha mwalimu akasema kwa upole, "Pole, Larter. Haitawezekana," akashuka kwenye bawa akaenda kunywa chai. Clive alibaki kitini mpaka fundi mmoja akaja kumuuliza kama anaumwa.

Akarudi Norfolk, kwenye shamba la baba yake la shayiri na viazi sukari. Hakuwahi kuruka peke yake jeshini hata mara moja. Wenzake waliobaki walirushwa peke yao wiki iliyofuata, mmoja mmoja, mwalimu akishuka na kumwachia mwanafunzi ndege nzima. Hilo ndilo lililomkaa Clive rohoni. Baadaye alijifunza urubani kwenye klabu ya kiraia, akapata leseni, akaruka peke yake mara nyingi tu. Lakini huko alikuwa mteja, na mteja huruka akishalipa.

Mimi naitwa Wendy Mace, fundi wa ndege. Kazi nilijifunzia jeshini, kwa kukwangua mikono kwenye injini za watu wengine. Clive alinipigia simu mwaka 1997, jeshi lilipokuwa linamalizia kuuza Chipmunk zake.

"Wewe ndiye yule mama anayetengeneza ndege za zamani?"

"Za zamani kiasi gani?"

"Hii inanizidi miaka kumi."

"Hiyo si ya zamani. Imechoka tu, kama wewe. Iko wapi?"

Alikuwa ameshainunua. Na haikuwa Chipmunk yoyote, ilikuwa ile ile. Alikuwa ameifuatilia kwa namba yake ya jeshi miaka kumi na tano, kambi hadi kambi, kama mtu anayefuatilia mchumba aliyeolewa kwingine. Alipoifikia ilikuwa imepakwa nyekundu na nyeupe. Tuliikwangua rangi hiyo majira yote ya baridi, tukairudishia ile ya siku zake, na ubavuni nikaichora tena herufi K nyeusi. Tangu hapo tukaiita Kilo, kama marubani wanavyoitamka K kwenye redio.

Kumiliki ndege ya namna hii si jambo la kujisifia sana ukiwa ndiye unayelala chini yake. Injini imefungwa kichwa chini, silinda zikining'inia, kwa hiyo oili huchuruzikia humo usiku kucha, na asubuhi lazima uizungushe propela kwa mkono, polepole, uhakikishe haijajaa. Ukisahau, unavunja injini. Sehemu za mkia wake ni za kitambaa, kitambaa huliwa na panya, na banda letu lilikuwa ghala la shayiri kabla ya kuwa banda la ndege. Mke wa Clive, Bridget, alikuwa akisema akitaka kumwona mumewe Jumapili inabidi aje na kadi ya mwaliko. Alikuwa anakuja, na keki ya zabibu, anakaa kwenye pipa na kutucheka.

Kwa miaka ishirini na sita Clive aliirusha Kilo vizuri. Nasema vizuri kwa maana ya kwamba hakuua mtu wala kuvunja kitu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naipangusa tumbo. Injini ile huvuja oili siku zote. Isipovuja, ujue oili imekwisha. Oili ikivuja, upepo huitandaza chini ya tumbo kwa mistari. Ndege inayorushwa ikiwa imenyooka huacha mistari iliyonyooka. Ya Clive ilipinda kuelekea kulia, kila wikiendi, mwaka hadi mwaka. Maana yake Kilo ilikuwa ikikata anga kiubavu. Injini ile huivuta pua kwenda kulia, na dawa yake ni mguu wa kushoto kwenye pedali. Mguu wa kushoto wa Clive ulikuwa umelala.

Niligundua msimu wa pili. Sikumwambia. Wakaguzi waliokuja kumpima kila baada ya miaka miwili walikuwa marafiki zake, walikula keki ya Bridget, wakaandika kwamba miguu ingeweza kuchangamka kidogo. Mimi nilikuwa nikimwona anavyoshuka kwenye lile bawa, uso umemnawiri kama ametoka kuoga, nikachukua kitambaa nikapangusa mistari.

Kitu alichokuwa anakitaka alikisema mara moja tu, tulipokuwa tunabadilisha plagi.

"Wendy, ningempata Pargeter nikamrusha dakika hamsini tu. Dakika hamsini zile zile."

"Halafu?"

"Halafu aseme vingine."

Alimpata mwaka 2023. Kwenye jarida la wastaafu wa jeshi la anga kulikuwa na salamu za siku ya kuzaliwa: Desmond Pargeter anatimiza miaka themanini na nne, anaishi kwa binti yake, Philippa, huko King's Lynn. Kutoka shambani kwa Clive hadi King's Lynn ni dakika arobaini kwa gari. Mzee alikuwa amehamia hapo miaka miwili nyuma, baada ya kufiwa na mkewe, na yumkini walishapishana madukani.

Clive alivaa tai. Alienda na keki ya Bridget na hotuba aliyoifanyia mazoezi kwenye trekta. Alinihadithia yote kesho yake, akiwa ameegemea bawa la Kilo.

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, amenyoa, sweta limefungwa vifungo vyote. Philippa alikuwa amemwonya Clive mlangoni: siku nyingine yuko sawa, siku nyingine anauliza mama yuko wapi.

"Afande," Clive akasema, "hunikumbuki."

"Nilikufundisha?"

"Ulinifelisha."

"Niliwafelisha wengi," mzee akasema. "Kaa."

"Baba," Philippa akasema, "mtu kaja na keki."

"Keki nimeiona. Philippa, niletee kitabu."

Philippa akasimama kidogo, kama hakusikia sawasawa, kisha akaenda kukileta. Kilikuwa kitabu cha safari zake za angani, jalada limechakaa kwenye pembe. Mzee akakifungua, akauliza mwaka, akafuata mistari kwa kidole. Akakipata.

"Alhamisi. Larter, dakika hamsini. Saa tano na nusu, Willoughby, dakika hamsini na tano. Mchana mawingu yameshuka, hatukuruka."

"Hakuna kingine, afande?"

"Kingine cha nini?"

Clive akafika hapo katika kunisimulia, akawa anaukwangua msumari mmoja wa bawa kwa ukucha.

"Miaka arobaini na moja, Wendy. Na mimi nilikuwa dakika hamsini kabla ya Willoughby."

Nikamuuliza kama keki ililiwa.

"Yote. Na wakati naondoka yule binti akanifuata mpaka kwenye gari. Analia. Nikadhani nimemuudhi. Akasema, 'Baba hajaomba kitu chochote tangu mama afe. Si chakula, si gazeti. Leo kaomba kitabu.'" Akaacha ule msumari. "Nimemwambia amlete Jumanne."

"Amlete wapi?"

"Hapa. Aruke."

"Clive, yule mzee ana miaka themanini na nne. Atapandaje bawa?"

"Wewe utamsukuma."

Nilimsukuma kweli. Jumanne hiyo Philippa alikuja naye, amemvalisha koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, na mzee akashuka garini, akaitazama Kilo. Aliizunguka. Alitingisha usukani wa mkia kwa vidole viwili, akainama kuangalia matairi, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa propela. Philippa alitaka kumshika mkono, nikamwambia amwache. Nilikuwa namwona mtu anayekagua ndege kabla ya kuruka, na hakuacha hatua hata moja ya ukaguzi.

"Nani fundi?" akauliza.

"Mimi, afande."

"Umeizungusha kwa mkono?"

"Mara nane."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaushika mguu wake wa kushoto, nikauweka kwenye bawa, nikamsukuma kwa bega, Clive akamvuta kwa juu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na matusi madogo madogo. Lakini alipozama kwenye kiti cha nyuma, mikono yake ilijua kila kitu kilipo. Mikanda aliifunga mwenyewe bila kutazama. Huyo huyo ambaye, Philippa aliniambia, asubuhi hiyo alishindwa kufunga viatu.

Waliruka. Sisi wawili tulibaki kwenye nyasi, Philippa amekunja mikono kifuani.

"Akifia huko juu?" akaniuliza.

"Basi Clive atatua naye. Unataka tuwaite?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Usiwaite."

Yaliyosemwa angani Clive alinieleza neno kwa neno. Dakika tano za kwanza mzee alikuwa kimya kabisa. Clive alipanda hadi futi elfu mbili, mashamba ya viazi sukari chini, bahari upande wa kaskazini, akafanya kona za kushoto na kulia, pana na nyembamba, akajiona anafanya vizuri kuliko siku zote. Akawa anangoja. Halafu sauti ikaja kwenye hedifoni, ile ile ya mwaka 1982, haikuzeeka hata kidogo.

"Larter. Nani amelala kwenye mguu wako wa kushoto?"

"Afande?"

"Ndege inatembea kama kaa. Gololi iko wapi?"

Kwenye dashibodi kuna mrija mdogo wa kioo wenye gololi ndani yake. Ndege ikienda sawa, gololi hukaa katikati.

"Kushoto, afande."

"Basi ikanyage. Mguu wa kushoto. Zaidi. Zaidi, kijana, hilo si yai. Hapo. Umeisikia?"

Clive aliisikia. Kilo ilinyooka, kelele ya upepo ikabadilika, na ule mtetemo mdogo uliokuwa ukimkaa kwenye nyonga miaka yote, alioamini ndio tabia ya Chipmunk, ukatoweka.

Walipotua, Clive alishuka amekunja uso, akanipita, akaenda kusimama nyuma ya banda. Mzee alibaki kitini akiwa amefurahi, mashavu mekundu, akamwambia Philippa, "Mkono wake mzuri yule. Ni mguu tu." Tukamshusha, akaenda garini, wakaondoka.

Clive akarudi. "Amenifelisha tena."

"Hajakufelisha. Kakwambia ukanyage."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na kitambaa cha oili mkononi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa pili. Oili inaenda kulia."

"Miaka ishirini na mitano unanipangusia aibu yangu?"

"Ulikuwa unafurahi, Clive."

"Nilikuwa najidanganya, na wewe unashika taa."

Akaenda zake. Wiki mbili hakuja bandani, na simu zangu hakupokea. Bridget alinipigia akasema mumewe anapanda trekta asubuhi na kushuka jioni, na hata kwenye trekta anakanyaga kanyaga kwa mguu wa kushoto. Nilikaa na Kilo peke yangu, nikabadilisha oili ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Sijawahi kumkosea mtu kwa kunyamaza kiasi hicho, na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejiona mwema.

Jumanne ya tatu gari la Philippa likaingia uwanjani, na nyuma yake la Clive. Philippa akashusha kioo.

"Kila siku ananiuliza ndege inakuja lini. Nimempigia Clive nimemwambia, kama wewe umekasirika, kasirika, lakini usimkasirikie na huyu."

Clive alinisogelea, akanipa kopo la vifungo vya plagi nilivyokuwa nimevitafuta mwezi mzima. Kwa watu wa kwetu hiyo ndiyo radhi, kuombwa na kupewa. Kisha akamwendea mzee.

"Afande, nataka kujifunza huo mguu."

Mzee alimtazama kwa muda. Sijui alimwona nani. "Kule tulikuwa tunapewa saa kumi na tano tu za kumjua mtu," akasema. "Hazitoshi. Nilishawaandikia wakubwa, hawakunijibu. Hapa tuna muda gani?"

"Mafuta ya saa mbili, afande. Na Jumanne zote."

"Basi twende."

Wakaenda Jumanne hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, tangu Mei hadi Septemba, isipokuwa siku za mvua. Siku za mvua mzee alikaa bandani kwenye pipa la Bridget, akila soseji zilizoviringishwa kwenye unga na kuokwa na kumfundisha Clive kwa kutumia ufagio badala ya mpini wa kuongozea. Hakumkumbuka Clive kutoka wiki hadi wiki. Kila mara alianza upya: "Wewe nani?" "Larter, afande." "Haya, Larter, tuone." Lakini angani alikuwa anajua walikofikia. Philippa alilishangaa jambo hilo, akamuuliza daktari, daktari akasema hawezi kulieleza. Mimi nadhani alikuwa anasikia kwa makalio, kama marubani wote wazuri. Kiti ndicho kilichomwambia huyu mtu amefika wapi.

Nami nikawa naona tumboni. Mistari ikaanza kusogea, wiki kwa wiki, kutoka kulia kuja katikati. Safari hii nilimwambia. Nilimwita, nikamlaza chini ya ndege na tochi, nikamwonyesha. Alilala hapo muda mrefu, oili ikimdondokea shingoni.

Jumanne ya pili ya Septemba upepo ulikuwa mdogo, mashamba yameshavunwa nusu. Walikuwa wanafanya mizunguko ya kutua na kupaa. Mara ya nne Kilo ilitua, ikaja taratibu hadi tulipokuwa, lakini injini haikuzimwa. Kifuniko cha kioo kikarudishwa nyuma. Nikaona mzee anafungua mikanda yake.

Nikakimbia nikidhani anaumwa. "Afande, kuna nini?"

"Nisaidie nishuke, fundi. Na hiyo mikanda ifunge vizuri, isije ikazonga mpini."

Clive aligeuka kitini, rangi imemtoka usoni. "Afande?"

Mzee alikuwa ameshasimama kwenye bawa, nimemshika kiunoni, upepo wa propela ukimpeperusha nywele zake chache. Akainama mpaka kwenye sikio la Clive, akapaza sauti ya kushinda injini. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Mzunguko mmoja, Larter. Itakuwa nyepesi bila mimi, itataka kuelea wakati wa kutua, usiibembeleze. Ukiona hujapendezwa, paa tena uzunguke. Hakuna atakayekucheka."

Clive alikuwa na saa elfu moja mia tatu angani. Alikuwa ameirusha ndege ile peke yake kabla hata mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa.

"Ndiyo, afande," akasema.

Nikamshusha mzee, nikaifunga mikanda ya kiti cha nyuma. Nilipomtazama Clive machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Nikambana bega. Kilo ikageuka, ikaenda mwisho wa uwanja, ikasimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha ikaja, mkia ukainuka, ikaondoka ardhini ikiwa imenyooka kama uzi.

Mzee alikataa kiti. Alisimama kwenye nyasi, mikono nyuma, akiifuata kwa macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisogea nikasikia: "Sasa punguza moto. Sasa geuka. Mguu. Vizuri. Usitazame nyumba, tazama mbele." Philippa alikuwa upande wake mwingine, ameshikilia lile koti la mvua.

"Baba, una wasiwasi?"

"Siku zote," mzee akasema. "Ukiacha kuwa na wasiwasi waache kukupa watoto wa watu."

Kilo ilikuja kutua. Ilielea kidogo, kama alivyosema, Clive hakuibembeleza, magurudumu matatu yakagusa nyasi pamoja. Mzee akashusha pumzi. Clive alipozima injini na kushuka, alikuja hadi mbele yake akasimama wima, mwanamume wa miaka sitini na miwili mwenye kitambi cha mkulima, visigino pamoja.

"Umeruka vizuri," Pargeter akasema, akampa mkono. "Andika kwenye kitabu chako. Kisha nenda ukale, mwenye zamu baada yako ni Willoughby."

Clive aliandika. Nimeuona mstari huo: tarehe, Kilo, peke yake, dakika sita. Hakuweka maelezo mengine.

Ningeishia hapo kama ningekuwa nataka kuwafurahisha, lakini mambo yaliendelea. Mwezi wa kumi mzee alianguka bafuni. Nyonga ilipona, ila bawa hakuweza tena kulipanda, hata kwa bega langu. Mwanzo wa mwaka Philippa akahamishwa kikazi Northumberland, saa sita kwa gari, na huko akamtafutia baba yake nyumba ya kutunzia wazee yenye bustani. Alituandikia kwamba wauguzi ni wema na kwamba dirisha lake linatazama kilima.

Clive alikwenda kumwona Aprili. Alirudi siku ya pili, akaja moja kwa moja bandani bila kupitia nyumbani. Nilikuwa nabana kamba za mkia.

"Vipi?"

"Anakula. Amenenepa." Akajikalia kwenye pipa. "Hakuniuliza mimi nani, Wendy. Kila Jumanne alikuwa ananiuliza. Safari hii hakutaka hata kujua. Nikamhadithia safari nzima, kupaa, kona, kutua. Nilipofika kwenye kona ya kushoto, mguu wake wa kushoto ukasogea chini ya blanketi. Kidogo tu. Binti yake hakuuona. Mimi niliuona."

Nikaacha kamba. Nikawasha birika la chai.

"Nilidhani nikipata nilichokuwa nakitaka hamu itaisha," akasema. "Imeisha ile. Yule kijana wa Alhamisi sijamwota tena. Lakini sasa nikipaa najikuta nasubiri hedifoni iseme kitu. Nafanya kona safi, gololi katikati, hakuna wa kuiona. Kuna wakati nauondoa mguu makusudi, naiacha iende kama kaa, halafu nasikiliza."

"Na?"

"Upepo." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Angenifelisha tena, ningekubali. Kila Jumanne. Ningerudi shambani kila Jumanne nikiwa nimefeli, ilimradi awe amekaa nyuma yangu."

Nilimmiminia chai. Nje mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa baharini na upepo ulikuwa wa kuruka, lakini hakuitazama ndege. Alikunywa nusu kikombe, akaniuliza kama najua barabara nzuri ya kwenda Northumberland isiyopita mjini, maana amemwahidi Philippa kwamba atakuwa anakwenda kila mwezi. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaanza kumchorea.